Dakika Thelathini na Tisa

Mtu akitaka kumtembelea Mwanaidi pale Magamba, juu kidogo ya Lushoto, haanzi kwa kupiga hodi. Anaanza kwa kutazama gurudumu. Liko ukutani kando ya mlango, la mbao ya mvule, limetobolewa matundu thelathini na sita, na kwenye tundu mojawapo kimechomekwa kijiti chekundu. Kijiti kikiwa juu kabisa, Mwanaidi ameamka na jua kama binadamu wengine, ingia unywe chai. Kikiwa chini kabisa, Mwanaidi ndiyo kwanza anapiga mswaki wakati wewe unatafuta shuka. Kikiwa katikati, hesabu mwenyewe. Majirani walishazoea. Hawaulizi tena kama Mama Salha yupo. Wanauliza Mama Salha leo yuko saa ngapi.

Gurudumu alilichonga mumewe, Hizza, fundi seremala, mwaka ule mkewe aliporudi kutoka Mirihi. Siku ya Mirihi ina saa ishirini na nne na dakika thelathini na tisa, na sekunde kadhaa za kusumbua watu. Shirika lililowaajiri wachimba barafu halikutaka wafanyakazi wa kusinzia mitamboni, kwa hiyo kabla ya safari likawadunga kila mmoja sindano ya saa. Maana sote tuna saa kichwani, kijifundo cha chembe hai kilichojikunyata nyuma ya macho, pale mishipa ya macho inapopishana. Chembe zile hutengeneza protini. Protini zikijaa, kazi inasimama. Zikiyeyuka, kazi inaanza upya. Mzunguko huo ndio unaomwambia mtu lala, amka, ona njaa. Nao si sawasawa na siku, huachana nayo kidogo, ndiyo maana jua hulazimika kuusogeza kila asubuhi. Sindano iliurefusha mzunguko ukatoshana na siku ya Mirihi, kisha ikaufunga, mwanga wowote usiuvute tena. Waliahidiwa kwamba wakirudi nyumbani watafunguliwa. Waliporudi wakaambiwa kufuli haina ufunguo, poleni sana, na barua ya shukrani hii hapa.

Basi Mwanaidi akarudi Usambara na siku isiyo ya Usambara. Leo anaamka saa kumi na mbili asubuhi. Kesho saa kumi na mbili na dakika arobaini. Baada ya siku tisa anaamka adhuhuri, baada ya kumi na nane anaamka jua likizama, na siku ya thelathini na sita, au ya thelathini na saba sekunde zile zikikorofisha, anarudi alipoanzia. Hizza alikuwa amemngoja miaka minane. Akampata mke kwa siku nne tano za mwanzo wa mzunguko, kisha akawa anamtazama akimponyoka kidogo kidogo, hadi wakawa wanapishana mlangoni kama walinzi wa zamu, mmoja akiwa na macho mazito na mwingine akitafuta kandambili. Hizza alimwachia chakula chini ya kawa. Mwanaidi alimwachia mashati yaliyopigwa pasi. Walipendana hivyo, na iliwauma hivyo hivyo.

Halafu akazaliwa Salha, na Salha akawa na saa ya mama yake.

Shirika lilikuwa limeapa kwamba kitu kile hakirithiwi. Mwanaidi alipogundua kimerithiwa alilia, na akiulizwa leo atakubali kwamba nusu ya kile kilio ilikuwa furaha. Kwa mara ya kwanza tangu arudi alikuwa na mtu wa kuamka naye. Kijiji kizima kikikoroma, wao wawili walipika uji, wakahesabu nyota, wakasukana nywele, wakabishana kama nyanya ni tunda. Kijiji kizima kikiwa shambani, wao walilala wamekumbatiana, madirisha yamefungwa. Ulikuwa ulimwengu wa watu wawili, nao uliwatosha, au angalau ulimtosha mmoja wao.

*

Saa nne ya asubuhi moja ya Julai, kijiti kikiwa tundu la nne, Mwanaidi alikaa mbele ya Daktari Eliapenda katika kliniki ya usingizi pale mjini. Hizza alikuwa nje na mtoto. Daktari ndiye aliyeomba iwe hivyo, na Mwanaidi alijua kwa nini.

Daktari Eliapenda alikuwa mwanamke wa Upareni, mfupi, wa maneno machache, asiyependa kuzungushwa. Aliwasha kioo cha mezani. Zikaonekana sahani mbili ndogo za maabara. Katika moja mlikuwa na chembe za ngozi ya Mwanaidi, katika nyingine za Salha, zote zimepandikizwa mng'ao wa kimulimuli ili saa iliyomo ndani yake ionekane kwa macho. Picha za siku kumi ziliendeshwa haraka. Sahani ya mama ikang'aa, ikafifia, ikang'aa. Ya mtoto nayo ikang'aa, ikafifia, lakini ilikuwa imeanza kuitangulia ya mama kidogo. Kwa miezi kadhaa sasa walikuwa wakimtibu Salha kwa taa kali ya asubuhi na giza la usiku, kwa sababu kufuli ya mtoto ilikuwa bado haijakaza. Ingekaza akitimiza miaka saba. Kabla ya hapo, siku arobaini za kulala usiku na kula mchana, kisha sindano moja, na angekuwa mtoto wa jua maisha yake yote. Mara mbili walishajaribu, mara mbili vipimo vya mwisho vikakataa. Salha angetimiza miaka saba Septemba.

Daktari alieleza polepole kwamba ngozi inaonyesha mtoto ameanza kulifuata jua. Ila ini halijaanza. Saa ya kichwani hufuata mwanga, lakini ini lina saa yake na utumbo una saa yake, na hizo hazioni mwanga wowote. Zinafuata sahani ya chakula.

"Mama Salha, nani anamlisha mtoto usiku?"

Mwanaidi akatazama vidole vyake. Angeweza kuruka kimanga, maana aliamini Hizza hajui, na mtoto alifundishwa asiseme. Badala yake akaja juu. Akasema mtoto wake si mgonjwa. Ana siku yake, kamili, isiyo na kasoro, tena imeshinda ya wenzake kwa dakika thelathini na tisa. Akasimulia jinsi Salha alivyopanda harage kwenye kopo akalificha kabatini, gizani, na harage lile likaendelea kuinua majani mchana na kuyalegeza usiku bila kuliona jua, kwa sababu linajua lilivyoumbwa. Mbona hakuna anayelidunga harage sindano?

Daktari alimwacha amalize. Kisha akasema kwamba harage lile likitolewa kabatini litalifuata jua siku ya pili yake. Salha ni harage lililofungiwa.

"Sijasema ni mgonjwa," aliongeza. "Lakini sasa anaelekea kuugua. Kichwa kinamwambia usiku, ini linamwambia mchana. Sukari yake imepanda, na wewe mwenyewe umeniambia anatapika. Kufuli ikikaza akiwa hivyo, hatakuwa wa jua na hatakuwa wako."

Akasukuma karatasi mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa ya kuacha matibabu: wamrudishe mtoto kwenye siku ya mama, saa zake zote zikubaliane, akue hivyo. Angekuwa na afya. Angekwenda shule siku kumi katika kila thelathini na sita, na rafiki zake wangekuwa wanamkumbuka na kumsahau, wanamkumbuka na kumsahau. Ya pili ilikuwa ya siku arobaini za mwisho na sindano. Zote mbili zilihitaji sahihi ya mama, kwa sababu saa ilitoka kwa mama. Daktari alisema yuko tayari kupokea yoyote, na kwamba kitu pekee asichoweza kupokea ni kile kinachofanyika sasa, mama kutia sahihi mchana na kufuta usiku.

Mwanaidi alizikunja zote mbili akazitia kwenye mkoba. Hakuaga vizuri.

*

Jioni ile alimkuta Hizza karakanani anapiga randa ubao wa msonobari. Jua lilikuwa bado lipo, naye alikuwa bado ana nguvu. Ilikuwa mojawapo ya zile siku chache nzuri ambazo kwa kawaida wangezitumia kucheka na kupika pamoja. Alisimama kwenye maranda akamwambia yote. Jinsi alivyokuwa akimwamsha mtoto taratibu, akimpa vipande vya mhogo na chai ya maziwa. Jinsi alivyojiambia ni usiku mmoja tu, kisha wa pili. Jinsi alivyomfundisha mtoto wa miaka sita kumficha baba yake jambo. Alisema ni yeye aliyeharibu yale majaribio mawili, na akasema kwa nini: hakuweza kula peke yake. Miaka minane Mirihi alikula na wenzake kumi na wawili kwenye meza moja ya bati, halafu akarudi kwao, kwa watu wake, akawa anakula mbele ya ukuta.

Alingoja Hizza apandishe hasira. Hizza akaweka randa chini.

"Nilijua," alisema.

Alikuwa amejua tangu jaribio la kwanza. Alizikuta sufuria zina joto asubuhi, na zaidi ya hapo aliwasikia kupitia ukutani. Kila mara alikata kauli kwamba kesho atasema, na kesho ikifika anashindwa.

"Mlikuwa mnacheka, Mama Salha. Nilikuwa nalala pale nasikiliza. Sijawahi kukuchekesha hivyo tangu urudi. Nikaona nikiingia nitavunja kitu."

Walikaa kwenye benchi la kazi, bega kwa bega. Mwanaidi alitaka amkasirikie, ingekuwa nafuu. Badala yake alijiona yeye na mumewe ni watu wawili waliomnywesha mtoto mmoja upweke wao, huyu kwa kijiko, yule kwa kunyamaza.

Salha alikuwa uani anawatazama watoto wa jirani wanaruka kamba barabarani. Hakuwa anaruka. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, kidevu juu ya magoti, akipiga miayo, na kila kamba ilipogonga ardhi midomo yake ilihesabu. Mwanaidi aliiona ile midomo kupitia dirisha la karakana. Alihesabu naye hadi hamsini. Kisha akaomba penseli ya seremala, akaitandaza ile karatasi ya pili juu ya ubao uliopigwa randa, akatia sahihi yake, herufi zikaenda upande.

Usiku wa kwanza wa zile arobaini alimlaza Salha mwenyewe, madirisha wazi ili jua limkute mapema. Alimweleza bila kumficha. Kwamba hawataamka pamoja tena kila siku. Kwamba atakuwa na asubuhi yake, na mama atakuwa na ya kwake, na zitakutana na kuachana.

Salha alifikiri. Alikuwa mtoto wa kufikiri kwanza.

"Nikilala usiku, wewe utakula na nani?"

"Nitakula na redio."

"Redio haili, mama."

Mwanaidi akasema ni kweli haili, ila nayo haimalizi mboga. Mtoto akacheka, akageukia ukutani, na mama akatoka nje.

*

Alijifahamu, kwa hiyo hakujiamini. Ufunguo wa jiko alimkabidhi Hizza. Yeye akahamia kwenye kichumba cha karakana na godoro lake, redio yake na kapu la vyakula vikavu, akalifunga lango dogo lililotenganisha karakana na ua wa nyumba. Wanawake wa mtaani walipoulizia, Hizza aliwaambia mkewe yuko ndani ya arobaini. Wakashangaa, maana hakukuwa na kichanga. Mmoja wao, jirani wa mkono wa kulia, alilitazama gurudumu, akamtazama Salha aliyekuwa anaruka kamba asubuhi kweupe, akaelewa. Kesho yake alileta uji wa pilipili manga, kama wanavyopelekewa wazazi.

Siku za mwanzo hazikuwa mbaya. Kijiti kilipofika chini ndipo mambo yalipochacha. Siku ya ishirini na mbili Salha aliamka na njaa wakati mama yake yuko macho, akaja hadi langoni akaita. Aliita kwa adabu kwanza, kisha kwa hasira, kisha akawa anasema tu, mama, mama, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kata tamaa lakini hana neno jingine. Upande wa pili, mkono wa Mwanaidi ulikuwa juu ya mkate. Aliuondoa. Akakaa chini, mgongo kwenye ubao wa lango, akajikaza hadi meno yakauma. Alisikia Hizza akija, akimbeba mtoto, akimwimbia wimbo ambao alikuwa haujui vizuri. Mwanaidi hakuula ule mkate hata alipoona njaa.

Siku ya arobaini vipimo vya damu vikakubali. Ini la Salha lilikuwa limeamka asubuhi, na utumbo, na figo, vyote kwa pamoja kama darasa lililosikia kengele. Daktari Eliapenda alimdunga sindano saa tatu na robo, Salha akapiga kelele moja tu kwa sababu aliahidiwa peremende. Mwanaidi, aliyekuwa amekesha ili awepo, aliomba aonyeshwe tena zile sahani mbili. Daktari akamwonyesha chembe mpya. Zikang'aa pamoja. Mzunguko uliofuata, ya mtoto ikatangulia kwa upana wa ukucha. Uliofuata, kwa upana wa kidole. Mwanaidi alikaa akatazama hadi ya mtoto ilipokuwa inang'aa na ya kwake iko gizani kabisa, na bado hakuondoka. Daktari alimwambia kwa upole kwamba zitakutana tena, ila itabidi asubiri picha za siku thelathini na sita. Mwanaidi akasema anajua, anazo nyumbani, zimechongwa.

*

Shule ilianza. Mzunguko ule Mwanaidi aliteleza kuelekea mchana, kisha alasiri, kisha jioni. Mwanzoni alimkuta Salha akirudi na sare yenye vumbi na habari za nani kampiga nani. Siku zilivyosogea alimkuta anafanya hesabu, kisha anaoga, kisha anasinzia juu ya sahani. Kisha hakumkuta. Alikuwa anaamka nyumba imelala, na anachokiona cha mwanawe ni viatu vilivyovuliwa, daftari, nywele kwenye kitana. Alivikusanya kama mtu anayesoma barua. Alijua lazima iwe hivyo, na alikuwa ametaka iwe hivyo, na bado kuna siku alisimama mlangoni pa chumba cha mtoto akasikiliza pumzi kwa saa nzima, asithubutu hata kugusa shuka, kwa hofu kwamba akiligusa atamwamsha, na akimwamsha atasema tule.

Kijiti kilipofika tundu la ishirini na mbili alitoka chumbani kwake akaenda jikoni. Ufunguo alikuwa amerudishiwa. Juu ya meza palikuwa na kawa, na hilo halikuwa jambo geni, Hizza hakuwahi kuacha kumwekea chakula. Alilifunua.

Chini yake hapakuwa na ubwabwa wala maharage ya Hizza. Palikuwa na chapati nusu. Palikuwa na yai la kuchemsha nusu, kiazi nusu, na kikombe cha chai kilichonywewa hadi katikati, mstari wa maziwa umekauka ukingoni. Vilikuwa baridi vyote. Vilikuwa vya asubuhi, vya kabla ya shule. Yai lilikatwa kwa kisu, na kwa jinsi kiini kilivyomeguka ilionekana aliyekata alikuwa mwangalifu mno. Lakini chapati haikukatwa. Ililiwa kuanzia upande mmoja, meno kwa meno, hadi katikati kamili, ikaachwa pale.

Mwanaidi aliinyanyua akaisogeza kwenye taa. Alama za meno zilikuwa wazi, ndogo, zimejipanga. Na kwenye kila alama, pale pa meno ya mbele, palikuwa na kijisehemu ambacho chapati haikukatika, kimebaki kimechomoza kama kidole.

Salha alikuwa ameng'oka jino.

Hakuambiwa. Labda lilitoka shuleni, labda lilitoka mkononi mwa Hizza kwa uzi, labda mtoto alilia au hakulia, na lilirushwa juu ya bati kama yanavyorushwa meno yote. Yeye alikuwa amelala. Machozi yalimjia bila kuomba ruhusa, akayaacha.

Kisha akavuta kiti. Redio ilikuwa karibu na mkono wake, hakuiwasha. Akasema bismillahi kwa sauti, kama mtu aliye na mwenzake mezani, na akaanza kula kuanzia pale pale meno yalipoishia, taratibu, akitafuna kila tonge. Alipomaliza aliosha sahani. Alienda nje kwenye gurudumu, akapapasa matundu kwa kidole, moja moja, kutoka kwenye kijiti hadi juu kabisa.

Siku kumi na nne. Jino jipya huchukua muda zaidi ya huo kuota. Lile pengo atalikuta bado lipo.